Maoni: Ufunguo wa pesa za kripto usilale ndani ya kompyuta

Faili yenyewe inaitwa id.json. Ni ndogo sana, haijazi hata nusu ya ukurasa. Ukiifungua unakuta namba 64 zimepangwa moja nyuma ya ingine. Hakuna neno la siri, hakuna kufuli. Kijana wa Goma ao Bukavu anayejifunza kutengeneza programu kwenye mtandao wa Solana anaizaa siku ya kwanza, pale anapoandika amri solana-keygen new katika dirisha jeusi la kompyuta yake na kubonyeza. Siku hiyo faili haina thamani yoyote, ni ya mazoezi tu. Miezi inapita, kazi inakuwa nzuri, mteja wa ng'ambo analipa dola 300 kwenye adresi ileile, na ile faili isiyo na kufuli inageuka sanduku la mshahara bila mwenyewe kuona ni siku gani jambo hilo limetokea.

Mtu yeyote anayenakili zile namba 64 anakuwa mwenye pesa. Hahitaji kuiba kompyuta. Fundi anayebaki na mashine usiku mmoja kwa kubadilisha kioo anaweza. Rafiki mwenye kle USB anaweza. Programu ya bure iliyopakuliwa kwa haraka, yenye kirusi ndani, inaweza kufanya hivyo kwa sekunde moja na kuzituma nje. Na katika kripto hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupigia ili muamala urudishwe.

Jambo hili lilikuwa la watu wachache sana miaka mitano iliyopita. Leo si hivyo. Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki za mji zilifunga milango, na baada ya Goma ikafuata Bukavu. Wakaaji wamebaki na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, pamoja na makato ya kila siku. Kwa kijana anayefanya kazi ya intaneti kwa ajili ya kampuni ya mbali, kulipwa kwa sarafu ya kidijitali inayofuata bei ya dola limekuwa jambo la lazima kuliko la kupenda. Mtu asidhani pia kwamba kripto ni hadithi ya Wazungu peke yao: kule Luviro, katika teritware ya Lubero, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin mwaka wa 2020 kwa umeme wa maji ya mto. Bitcoin zimezaliwa Kivu Kaskazini. Kinachokosekana ni desturi ya kuzilinda.

Desturi hiyo ina chombo chake, na chombo hicho kinafaa kuingia katika matumizi ya kila mtu anayeandika amri kwa kupokea ao kutuma pesa: pochi ya kifaa. Ni kitu kidogo mfano wa kle USB, chenye kioo kidogo na vitufe viwili. Kinachojulikana zaidi kwa watu wa Solana ni Ledger, cha kampuni ya Ufaransa. Pesa hazikai ndani yake. Hilo lieleweke mapema, maana watu wengi wanadhani kifaa kikiungua ao kuanguka ndani ya ziwa Kivu, pesa zimezama nacho. Pesa ziko kwenye daftari la mtandao mzima, zinaonekana na kila mtu. Kinachokaa ndani ya kifaa ni ufunguo, na kifaa kimeundwa kwa namna ambayo ufunguo hautoki nje. Kompyuta inapeleka karatasi ya kutiwa sahihi, kifaa kinaonyesha karatasi hiyo kwenye kioo chake, mwenyewe anabonyeza, na kinachorudi kwenye kompyuta ni sahihi tu.

Mama yeyote aliye mwanachama wa AVEC anaelewa mambo haya kuliko wanafunzi wengi wa informatike. Katika AVEC, sanduku linabaki kwa mtu mmoja, funguo zinabaki kwa wengine watatu, na hakuna kufungua isipokuwa mbele ya wanachama wote. Mwenye kubeba sanduku si mwenye kubeba ufunguo. Kompyuta ya kazi ndiyo sanduku: inatembea, inaingia kwenye wifi ya watu, inapokea faili kutoka kila upande. Kuacha ufunguo ndani yake ni kufunga sanduku la AVEC kisha kutundika ufunguo kwenye kufuli.

Kwa mwenye kuzoea mstari wa amri, mabadiliko yenyewe ni madogo kushinda hofu yake. Mahali ambapo programu ilikuwa inasoma faili, inapewa maneno usb://ledger. Anayeandika solana-keygen pubkey usb://ledger anapata adresi iliyo ndani ya kifaa. Anayeandika solana config set --keypair usb://ledger ameiambia programu kwamba kuanzia leo kila sahihi itoke huko. Kifaa kimoja kinaweza kubeba akaunti nyingi: kwa kuongeza ?key=0 ao ?key=1 mwishoni, mshahara unakaa upande mmoja na pesa za kikundi upande mwingine. (Wenye kutumia zsh waweke maneno hayo ndani ya alama za kunukuu, vinginevyo ile alama ya kuuliza itawasumbua asubuhi nzima.) Kabla ya kumpa mteja adresi, ni vizuri kuongeza --confirm-key, ili adresi ionekane pia kwenye kioo cha kifaa na mtu azilinganishe mbili, ile ya kompyuta na ile ya kifaa. Kama hazifanani, kompyuta ni mgonjwa. Kutazama salio hakuhitaji kifaa hata kidogo, adresi peke yake inatosha. Ndiyo maana mweka hazina anaweza kufuata mahesabu kutoka Butembo huku kifaa kimefungiwa kabatini Bukavu.

Kwenye Linux mara ya kwanza kifaa hakionekani kwa sababu ya ruhusa za mfumo. Maelezo yapo, ni dakika kumi za kazi. Programu ya kampuni, ile iliyokuwa inaitwa Ledger Live hadi 2025, ifungwe kwanza, maana programu mbili haziwezi kuzungumza na kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Yote haya ni usumbufu mdogo.

Wapo wanaosema: mimi si mjinga, siwezi kupakua kirusi. Wasome yaliyotokea Desemba 2024. Maktaba ya kanuni inayoitwa @solana/web3.js, ambayo maelfu ya watengeneza programu wanaitumia kila siku, iliingiliwa na wezi waliopata ruhusa ya kuchapisha matoleo mapya. Matoleo mawili, 1.95.6 na 1.95.7, yalitoka yakiwa na kanuni ya kuiba funguo za siri. Yalikaa hewani saa chache tu kabla ya kuondolewa. Aliyefanya sasisho katika saa hizo hakufanya ujinga wowote. Alifanya kile ambacho walimu wote wanamwambia afanye, kusasisha. Ila kama programu yake ilishika ufunguo kutoka kwenye faili, ufunguo ulikuwa wazi mbele ya mwizi. Kwa yule ambaye ufunguo wake uko ndani ya kifaa, kanuni hiyo ya wizi haikuwa na kitu cha kusoma.

Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 2022, pochi zaidi ya 9,000 za Solana zilitolewa pesa kwa usiku mmoja. Kwa saa nyingi watu walidhani mtandao wenyewe umevunjwa. Baadaye ilijulikana kwamba programu ya simu iitwayo Slope ilikuwa inapeleka maneno ya siri ya wateja kwenye seva ya kurekodi makosa, yakiwa yameandikwa wazi. Wenye pesa hawakukosa lolote. Hata hapo, funguo zilizozaliwa ndani ya pochi za kifaa zilibaki salama, kwa sababu ileile rahisi: programu ya simu haikuwahi kuziona.

Na wale wanaochagua njia ya tatu, kuacha kila kitu kwenye soko la kripto ili wengine wawalindie? Mt. Gox ya Tokyo ilianguka Februari 2014. FTX ilitangaza kufilisika Novemba 2022. Mkaaji wa mashariki mwa Congo ambaye benki yake imefungwa kwa sababu ya vita hahitaji kuelezwa maana ya pesa kuwa mikononi mwa wengine.

Lakini ni hapa ambapo wauzaji wa vifaa hivi wanasema nusu ya ukweli. Wanasema: nunua, utalala usingizi. Si kweli, na ushahidi ni mkubwa. Tarehe 21 Februari 2025, soko la Bybit liliibiwa kripto za thamani ya karibu dola bilioni 1.5, wizi mkubwa kushinda wote uliowahi kuonekana katika kripto. FBI ya Marekani ilisema ni kazi ya Korea Kaskazini. Pesa hizo hazikuwa kwenye faili ya mtu asiyejali. Zilikuwa kwenye hazina ya baridi yenye kuhitaji sahihi za watu kadhaa, na watu hao walitumia pochi za kifaa. Wezi hawakugusa kifaa hata kimoja. Walibadilisha ukurasa ambao watia sahihi walikuwa wanautazama kwenye kompyuta. Ukurasa ulionyesha uhamisho wa kawaida. Karatasi iliyotumwa kwa vifaa ilikuwa ingine, yenye kuwapa wezi hazina yote. Watu wazima, wenye kazi kubwa, walibonyeza vitufe mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo, kifaa kinamlinda anayesoma kioo chake. Asiyesoma amenunua kitufe cha bei ghali.

Katika jambo hilo mstari wa amri una faida ambayo haisemwi sana. Kurasa nzuri za wavuti, zenye rangi na picha, zinamzoesha mtu kubonyeza. Dirisha jeusi linamlazimisha kuandika mwenyewe nani anapewa na kiasi gani, herufi kwa herufi. Uhamisho wa kawaida wa SOL ukitoka kwenye mstari wa amri unaonekana wazi kwenye kioo cha kifaa: kiasi, anayetuma, anayepokea. Tena programu ya solana ina ukaidi wa kupendeza. Ukijaribu kutuma kwenye adresi ambayo haijawahi kupokea kitu, inakataa mpaka uandike kwa mkono --allow-unfunded-recipient. Wengi wanaona ni kero. Ukweli ni kwamba inauliza swali ambalo shangazi yeyote angeuliza kabla ya kutuma M-Pesa: huyu mtu unamjua kweli?

Kuna mpangilio mmoja ndani ya kifaa ambao vijana wanauwasha bila kufikiri, ule wa kuruhusu sahihi ya upofu. Muamala ukiwa mgumu, wenye hatua nyingi, kifaa hakiwezi kuueleza kwa maneno; kinaonyesha tu mfululizo wa herufi na namba usio na maana kwa binadamu. Mpangilio huo ukizimwa, kifaa kinakataa. Ukiwashwa, kinakubali mwenyewe atie sahihi asichokiona. Kuna kazi ambazo haziwezekani bila huo. Basi uwashwe kwa kazi hiyo, na uzimwe siku hiyohiyo. Kuuacha wazi mwaka mzima ni sawa na kutia sahihi karatasi nyeupe na kumwachia mpita njia.

Tatizo ambalo ni letu zaidi ni intaneti. Muamala wa Solana unabeba alama ya muda inayodumu kwa bloku 150, yaani dakika moja hivi, kidogo zaidi. Mjini Paris dakika moja ni nyingi. Kwenye kartiye ambapo mtandao unakuja na kuondoka, kijana anasoma adresi kwenye kioo kidogo, anabonyeza kitufe, na tayari muda umepita. Muamala unakufa, anarudia. Mara ya tatu anaacha kusoma, anabonyeza haraka haraka. Hiyo ndiyo hatari. Dawa ipo: mtandao unaruhusu kuweka alama isiyozeeka kwa njia ya akaunti maalumu, na amri inapokea --nonce, ili mtu atie sahihi kwa utulivu, hata bila intaneti akitumia --sign-only, kisha atume mtandao ukirudi. Walimu wa vikundi vya vijana wanaofundisha Solana katika miji yetu wangefaa kufundisha hilo katika wiki ya pili, si kuliacha kwa wataalamu. Umeme ni afadhali kidogo: Ledger Nano S Plus haina betri, inakula moto wa kompyuta, kwa hiyo laptopu ikiwa na chaji hata kidogo kazi inaendelea.

Bei ni pingamizi la haki. Kifaa hicho kilianza kuuzwa kwa dola 79, na kufika Kivu kunaongeza usafiri na mikono ya watu. Kwa mtu mwenye dola 50 za kripto, kununua ni upuuzi. Azitoe, anunue chakula ao azitumie kwenye biashara. Kwa mtu ambaye mshahara wa miezi mitatu unapita kwenye adresi yake, dola 79 ni kidogo. Mpaka uko mahali fulani kati ya hao wawili na kila mmoja anajua upande wake. Na hakuna sababu ya kutupa ile faili id.json: ibaki kwa mtandao wa majaribio, devnet, ambako sarafu hazina thamani. Kosa ni kuzichanganya.

Bei hiyo inawasukuma wengine kutafuta kifaa cha mkono wa pili. Hapo jibu ni hapana, bila majadiliano. Kifaa kipya kinapowashwa kinazaa chenyewe maneno 24. Kifaa kinachokuja na maneno yake tayari kwenye karatasi nzuri ndani ya boksi ni mtego: aliyeandika maneno hayo anasubiri tu pesa ziingie. Vilevile kwa anayeagiza kutoka ng'ambo. Mwaka wa 2020 kampuni ya Ledger yenyewe iliibiwa orodha ya wateja, na majina, adresi za nyumbani na namba za simu za watu kama 272,000 zilimwagwa kwenye intaneti. Wengine kati yao walitumiwa baadaye kwa posta vifaa bandia vyenye barua ya uongo. Mwenye kuagiza aagize kwa kampuni moja kwa moja, kupitia ndugu anayemwamini Kigali, Kampala ao Brussels, na akipokea ahakikishe kwamba kifaa kinaanza kikiwa kitupu.

Yale maneno 24 ndiyo kila kitu. Kifaa kikipotea, kikiibiwa, kikivunjika, maneno hayo yakiwekwa kwenye kifaa kingine yanarudisha funguo zilezile. Mwizi wa kifaa mwenyewe hafiki mbali: akikosea namba ya siri mara tatu, kifaa kinajifuta. Lakini mwizi wa karatasi anachukua yote bila kuhitaji kifaa. Maneno ni ya Kiingereza, yametolewa kwenye orodha ya maneno 2,048, na mtu aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kukosea tahajia anapoandika kwa mwanga wa tochi. Asiogope sana. Herufi nne za kwanza za kila neno zinatosha kulitambua, hakuna maneno mawili kwenye orodha hiyo yanayozifanana. Aandike polepole, kwa herufi kubwa, ahesabu yafike 24, kisha ajaribu kurudisha kabla ya kuweka pesa.

Kujaribu kwenyewe kufanyike kwenye kifaa. Wenye kupenda mstari wa amri wana kishawishi chao hapa, maana programu ina amri solana-keygen recover inayoomba maneno ya siri na kutengeneza faili. Inafanya kazi vizuri sana. Na dakika hiyo ufunguo uliokuwa umejificha ndani ya kifaa umerudi ndani ya kompyuta, kwenye faili, kama siku ya kwanza; dola 79 zimepotea bure. Maneno 24 hayaandikwi kwenye kibodi ya kompyuta, hayapigwi picha kwa simu, hayatumwi kwa WhatsApp kwa mke wala kwa mume. Novemba 2023 programu bandia yenye jina la Ledger Live ilifika hadi kwenye duka la Microsoft, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuomba maneno hayo kwa adabu.

Karatasi iwekwe wapi, katika nchi yetu? Maelezo ya kampuni yanasema mahali salama nyumbani, ao kwenye sanduku la benki. Aliyeandika hivyo hakuwa Goma Januari 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuchukua nyumba na maduka. Hakuwa hapa tena Mei 2021, wakati mji uliamrishwa kutoka na watu wakaenda Sake kwa miguu, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Hajawahi kukimbia akiwa na dakika tano za kuchagua kitu gani kibebwe. Nyumba moja haitoshi. Nakala mbili, katika miji miwili, kwa watu wawili wasiojuana sana, ndiyo hesabu ya chini kwa Kivu. Wengine wanachonga maneno kwenye bamba la chuma kwa sababu ya moto na maji, na fundi wa kuchonga chuma hakosekani katika miji yetu, ila achonge mwenyewe, asimpe fundi.

Tena kifaa chenyewe kinasema jambo kwa anayekikuta. Kwenye bariere, mtu akipekua mfuko na kuona kitu kidogo chenye kioo, atauliza ni nini, na si kila anayeuliza anauliza kwa wema. Januari 2025, huko Ufaransa, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, David Balland, alitekwa pamoja na mke wake na kukatwa kidole ili fidia ilipwe kwa kripto. Kama hilo linatokea katika nchi yenye polisi wa kutosha, kijana wa Rutshuru hana sababu ya kuonyesha kifaa chake kwenye picha ya Facebook. Pesa za kripto zinatunzwa kwanza kwa kunyamaza. Akisafiri, kifaa kinaweza kubaki nyumbani. Maneno yakiwa mahali pake, hata kikipotea hakuna msiba.

Jambo la mwisho ni la vikundi. Kuna vyama vya vijana na vikundi vya kazi ambavyo leo vinapokea misaada ao malipo ya pamoja kwenye adresi moja, na mara nyingi adresi hiyo ni ya mtu mmoja, yule anayejua kompyuta. Hana ubaya. Ni mwaminifu, ndiyo sababu alichaguliwa. Lakini AVEC haikuweka kufuli tatu kwa sababu mama mweka hazina ni mwizi. Iliziweka ili siku pesa zikipotea asishukiwe yeye, na siku akiugua kikundi kisikwame. Solana inaruhusu akaunti yenye kuhitaji sahihi mbili kati ya tatu, kila moja ikitoka kwenye kifaa chake. Kikundi kinachoweka dola 2,000 kwenye faili id.json ya katibu wake kinamdhulumu katibu huyo.

Na huyo katibu ana mama, ao mke, ao kaka mkubwa. Mwaka wa 2018 mwanzilishi wa soko la QuadrigaCX la Canada alifariki, na wateja wakaambiwa ni yeye peke yake aliyejua funguo. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba pesa nyingi alikuwa amekwisha kuzila. Wateja walichelewa kuujua uongo huo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja mwenye uwezo wa kufungua na kutazama. Kijana wa Bukavu akipatwa na jambo, familia haitajua hata kwamba kuna kitu cha kutafuta. Barua moja inatosha, ikikaa mbali na maneno 24: kifaa kiko wapi, nakala ziko kwa nani, ni rafiki gani anayejua kuandika amri. Asiandike namba ya siri humo. Na aiandike kwa lugha ambayo mama yake anaisoma.